NYUMBA ZA ZAMANI ZILIPUMUA, SISI TUMEZIZIBA PUA

Kila ifikapo Desemba, upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma na joto kupanda, wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja huwa na malalamiko ya aina moja: vyumba havilaliki. Mwenye uwezo hununua feni, na mwenye uwezo zaidi hufunga kiyoyozi. Asiye na kitu hubeba mkeka wake akalala barazani, mkono mmoja ukimpepea mtoto na mwingine ukiua mbu. Tunalaumu jua, tunalaumu bati, na umeme ukikatika tunawalaumu wenye umeme.

Lakini lipo swali ambalo hatujiulizi. Nyumba nyingi tunazozilalamikia ni za zamani. Ziko Kariakoo, Ilala na Magomeni. Ziko Ngamiani kule Tanga. Ziko Ng'ambo na Mji Mkongwe kule Unguja. Wazee wetu walizaliwa, wakaoa na kulea humo, na wengi wao hawakuwa na feni wala umeme. Walilalaje? Jibu langu ni kwamba nyumba zile zilikuwa na njia za hewa ambazo nyingi hazikuitwa madirisha. Na kwa kuwa hazikuitwa madirisha, sisi warithi tumeziziba moja baada ya nyingine, bila kujua tunaziba nini.

Tuanze na ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Ukipita mlango mkubwa unaingia ukumbini, ambako siku hizi wengi tunakuita korido, nako kunanyooka mpaka mlango wa nyuma unaotokea uani. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Jiko, bafu na choo viko uani. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa lilikuwa la makuti.

Mgeni aliyeitazama nyumba hiyo kwa nje aliona vidirisha vidogo vya mbao akahukumu kuwa ndani hakuna hewa. Alikuwa anatazama mahali pasipo penyewe. Njia kuu ya hewa ilikuwa juu, upenuni, pale ukuta ulipoishia na paa kuendelea. Pale pakiachwa uwazi kuizunguka nyumba nzima. Makuti nayo hayakupitisha joto kama bati, lakini yalipenyeza hewa na moshi. Kuta za kati ya chumba na chumba hazikufika kwenye paa; juu yake nyumba nzima ilikuwa kitu kimoja. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ilipopanda ilitokea upenuni, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa ya baridi kutoka uani na ukumbini. Mlango wa mbele na wa nyuma ukiwa wazi, upepo ulikata katikati ya nyumba kama maji mferejini.

Kwa hiyo mambo yalikuwa matatu: uwazi wa juu, ukumbi uliopenya na ua usio na paa. Ondoa moja, mawili yaliyobaki hulegea. Ondoa yote matatu, unabaki na kasha lenye tundu moja. Chumba chenye tundu moja hakipitishi upepo hata kikiwa ufukweni, kwa sababu upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea.

Kule Unguja na Lamu, nyumba za mawe zilifuata njia nyingine kufikia lengo lile lile. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, nazo hazikuweza kubeba uzito zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Dari likawekwa juu sana ili joto likae mbali na kichwa cha mtu. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilichukua saa nyingi kupata moto. Katikati ya nyumba kukaachwa ua ulio wazi kwa juu, kama bomba la kuvutia hewa: joto likipanda uani, vyumba vinavyouzunguka hupata hewa mpya. Jumba la Ajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, lilikuwa la kifalme, lakini mpango wake ulikuwa huo huo wa uwazi katikati, na nje vibaraza vipana vya kulikinga na jua. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020.

Sasa tuje kwa watawala. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, nazo ziliugawa mji katika maeneo matatu kufuatana na aina ya nyumba zilizoruhusiwa. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliukuta mpango huo, wakauendeleza. Ndiyo asili ya majina ambayo wazee wangali wanayatumia: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika uliokuja kuitwa Kariakoo kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, yaani Carrier Corps. Uzunguni kulikuwa kando ya bahari, viwanja vikubwa, nyumba zenye vibaraza vipana na bustani. Kariakoo viwanja vilikuwa vidogo, vimepangwa mstari kwa mstari. Kati ya Uhindini na Kariakoo kukaachwa ukanda mtupu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ni sehemu yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Ukitazama ramani utaona kwamba upepo wa bahari nao ulikuwa na ubaguzi wake: ulianzia kwa wenye nguvu, na waliokuwa bara walipata uliosalia.

Ili tuwaelewe watu hao tukumbuke elimu ya wakati wao. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu inayotoka kwenye matope na uozo. Hata neno malaria asili yake ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Mwaka 1859 Mwingereza Florence Nightingale, aliyekuwa ameuguza askari katika vita vya Crimea, alitoa kitabu chake cha uuguzi. Sura ya kwanza aliitenga kwa ajili ya hewa ya chumba cha mgonjwa, kabla ya chakula na kabla ya usafi wa kitanda. Hospitali zilizojengwa kwa imani hiyo zilikuwa na dari refu, madirisha makubwa pande mbili na vibaraza. Mfano tunao hapa hapa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, imeelekezwa baharini ili ipokee upepo.

Kisha elimu ikabadilika. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Daktari huyo huyo baadaye alifika kufanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Imani ya hewa mbaya ikaanguka. Kumbe adui ni mdudu, na mdudu hupita dirishani! Kuanzia hapo uwazi ambao jana ulikuwa tiba ukaanza kutazamwa kama mlango wa ugonjwa.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulitafakari. Wale wa kale walikosea kuhusu malaria, lakini majengo yao yalikuwa sahihi kwa maradhi mengine. Mwaka 2007 watafiti waliopima hewa katika hospitali za mji wa Lima, nchini Peru, walitoa matokeo yao. Milango na madirisha yakifunguliwa, hewa ya wodi zilizotegemea upepo tu ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, wakati vyumba maalumu vya mashine vilipangiwa mara 12. La kushangaza zaidi, wodi zilizojengwa zaidi ya miaka 50 nyuma, zenye dari refu na madirisha makubwa, zilifikia mara 40; zile za kisasa zilifikia mara 17. Watafiti hao walikuwa wanashughulikia kifua kikuu, ugonjwa unaosafiri kwa hewa kutoka pafu la mtu hadi pafu la mwenzake. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kutumia hewa ya asili kuzuia maambukizo hospitalini. Na ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020, dunia nzima iliambiwa tena neno lile lile la mwaka 1859: fungueni madirisha.

Nchini kwetu jambo hili si geni. Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati dawa ya kuua kijidudu hicho ilikuwa haijapatikana popote. Siku hizo mapumziko, chakula na hewa safi ndivyo vilivyokuwa tegemeo la mgonjwa. Leo dawa zipo, tena zinaponya. Lakini dawa humfikia mtu baada ya kugunduliwa kuwa mgonjwa. Kabla ya hapo, wiki na miezi, analala chumba kimoja na mkewe na watoto, na kinachowakinga ni hewa ya chumba hicho tu.

Katika kutayarisha mazungumzo haya nilipita katika nyumba kadhaa za zamani, moja ikiwa ya bibi mmoja wa Magomeni. Marehemu mumewe aliijenga mwaka 1963: vyumba sita, bati juu, ua nyuma. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha ukumbini. Nilipomwuliza kwa nini nyumba imezibwa kiasi kile, hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, hakuna tundu nililoliziba bila sababu. Njoo nikuonyeshe."

Akanionyesha upenuni, palipojazwa saruji. Mwaka fulani kijana mwembamba alipita pale usiku akaondoka na redio na nguo za wapangaji. Baada ya mwizi walikuja popo. Akanionyesha juu ya vyumba, ambako kila mpangaji amegongelea siling bodi yake. Mmoja wao, mwenye kipato kidogo, ameshona magunia. "Zamani mtu akikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanampa pole," alisema. "Watu wa siku hizi hawataki. Wana siri zao." Ukumbini nilihesabu mapipa manne ya maji, pikipiki moja, na majiko matatu ya mkaa yaliyoegemea ukuta, na mlango wa nyuma hufungwa saa zote. Ua wenyewe umebaki kichochoro, maana vimejengwa vyumba viwili zaidi vya kupangisha. Madirisha ya mbao yaling'olewa, ikaja nondo, ukaja wavu, ukaja na kioo cha kusukuma ambacho hata ukikifungua unapata nusu ya dirisha. Na upande wa mashariki jirani ameinua ghorofa, ukuta wake uko hatua mbili kutoka dirishani.

Ndugu wasikilizaji, mimi sikuona kosa hata moja katika maelezo ya bibi huyu. Mwizi ni mwizi. Mbu wa malaria ni kweli hupenda kupita upenuni. Watafiti wa malaria wamelithibitisha hilo mara nyingi. Mpangaji anayo haki ya faragha. Kodi ya vyumba viwili vya uani ndiyo inayomnunulia bibi dawa. Kila uamuzi peke yake ulikuwa wa busara. Taabu ni kwamba hakuna hata siku moja aliyetokea mtu, awe fundi au afisa wa afya, akauliza: tundu hili tunaloliziba lilikuwa na kazi gani, na kazi hiyo sasa itafanywa na nini?

Historia ya Uingereza inatupa kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1696 serikali ya huko ilianzisha kodi ya madirisha: kadiri nyumba ilivyokuwa na madirisha mengi ndivyo mwenyewe alivyolipa zaidi. Watu wakachukua matofali wakaziba. Wenye nyumba za kupangisha waliziba zaidi, kwa kuwa waliokosa hewa hawakuwa wao. Kodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1851, baada ya madaktari na watetezi wa afya kuipigia kelele kwa miaka mingi. Hadi leo yapo majumba kule yenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Kwetu hakuna kodi ya namna hiyo, lakini mwizi, mbu na shida ya fedha wamefanya kazi ile ile.

Mji Mkongwe nao una hadithi yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikakaliwa na familia kadhaa. Haikuwezekana watu hao waendelee kulala katika chumba kirefu kisicho na pazia. Chumba kikakatwa kwa mbao, na aliyepata kipande cha ndani akakosa dirisha. Mahali pengine ua ukaezekwa bati ili mvua isiingie. Kuta za chokaa zikapigwa plasta ya saruji. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani. Ndiyo maana utaona ukuta wa zamani unatoa ukungu na harufu ya uvundo ingawa plasta yake ni mpya kabisa.

Madhara ya kuziba si joto tu. Nimekwisha kutaja kifua kikuu. La pili ni mkaa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haikereti koo. Aliyelala haamki akohoe. Katika nyumba ya makuti moshi na gesi vilipata njia juu. Katika chumba chenye siling bodi, kioo kilichofungwa na mlango uliobanwa, jiko moja lililoingizwa ndani wakati wa mvua laweza kuimaliza familia. Habari za namna hiyo tumezisoma sote, na mara nyingi hutajwa kama ajali. Naomba hapa nieleweke vizuri: kufungua dirisha kidogo hakumruhusu mtu kulala na jiko la mkaa. Jiko litolewe nje, basi.

Tufanye nini? Sisemi turudi kwenye makuti, wala simwambii bibi wa Magomeni abomoe vyumba vinavyomlisha. Nasema kila tundu lililozibwa lipatiwe mrithi. Upenuni paweza kutobolewa tena na kuwekewa wavu mzuri wa chuma: mwizi hapiti, mbu hapiti, hewa inapita. Wavu wenyewe uoshwe, kwa sababu vumbi likijaa huwa ukuta. Juu ya mlango wa kila chumba fundi aweza kuweka matofali ya matundu au kidirisha cha juu, ili hewa ya chumba itokee ukumbini bila kulazimisha mlango kuwa wazi. Siling bodi iwekewe tundu lenye wavu, na paa liachiwe pa kutolea joto. Ukumbi uondolewe mapipa, na mlango wa nyuma upate geti la nondo ili ukae wazi mchana. Anayebadilisha madirisha amwulize fundi dirisha litafunguka lote au nusu. La bawaba hufunguka lote. Na kitanda cha mwenye kikohozi kisiwekwe kona ya ndani ambako hewa hailifikii godoro.

Halmashauri zetu nazo zina wajibu. Anayeomba kibali cha kuinua ghorofa huulizwa habari za nguzo, zege na mipaka. Aulizwe pia habari za jirani mwenye nyumba ya chini, ambaye upepo wake wa miaka 60 unaondoka siku hiyo bila fidia. Na maafisa wa afya, ambao wazee wetu waliwaita mabwana afya, zamani walikuwa wakiingia hadi chumbani kukagua. Siku hizi wengi huishia uani kutazama choo.

Kwa wapangaji wanaosema nyumba si yao, nina jambo dogo la kuwaachia wiki hii. Jioni, kabla ya kulala, fukiza udi kidogo chumbani kama mnavyofukiza siku zote. Fungua dirisha, funga mlango, kisha keti utazame moshi. Ukiona unatembea na kutoka, mshukuru aliyejenga. Ukiona umepanda, umegota kwenye siling bodi na kutanda humo humo, basi pumzi zenu nazo hufanya hivyo hivyo usiku kucha. Zima udi, toa chetezo nje, na kesho asubuhi kazungumze na mwenye nyumba.